Sentensi ya Kaloleni

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, nadhani ili niuone vizuri muda ambao hauna tena kazi. Ahsanteni. Nimeitundika sebuleni, na inatangulia dakika saba, sawa kabisa na ile ya ofisini. Mliniomba pia niwaachie maandishi kidogo kuhusu udahili wa shahada ya uzamili ya saikolojia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nao tangu kabati la kwanza la faili. Bila shaka mlitarajia mwongozo. Mwongozo upo kwenye droo ya tatu, na hakuna aliyewahi kuufuata, hata mimi niliyeuandika. Haya ninayoandika sasa hayamo kwenye droo.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa udahili. Nilikuwa mpiga chapa Kaloleni, hapa Arusha, katika chumba cha kupanga kilichotazamana na ukuta wa uwanja wa mpira. Zilikuwa enzi za ruksa. Mitumba iliruhusiwa, maduka ya watu binafsi yaliruhusiwa, na yeyote mwenye meza na taipureta aliruhusiwa kujiita ofisi. Mimi nilikuwa na meza, na taipureta ambayo herufi yake ya "m" ilipanda juu kidogo ya wenzake. Bango langu la mlangoni lilisomeka "Huduma za Uchapaji na Ushauri". Ushauri niliuongeza kwa sababu ubao ulikuwa umebaki na nafasi.

Siku moja akaja mwalimu mmoja wa sekondari na fomu kutoka ng'ambo. Alikuwa anaomba kusomea saikolojia, na fomu ilimtaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini. Alikuwa ameandika kurasa tatu kwa mkono: ukoo wake, miaka yake kazini, shukrani kwa serikali, shukrani kwa chama, na salamu kwa mkuu wa chuo ambaye hakumfahamu. Nilimwambia hawa watu wanataka kujua habari zake yeye.

"Zangu zipi?" akauliza. "Mimi sina habari."

Katika miaka yangu yote ya kazi sijasikia tena jibu la ukweli namna ile. Lakini jibu la ukweli halijazi fomu. Nikaweka karatasi kwenye taipureta na kumwandikia sentensi ya kwanza, kwa Kiingereza changu cha sekondari: "Tangu utotoni nimekuwa nikijiuliza kinachoendelea ndani ya mtu aliyenyamaza." Mwalimu akaisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Hii nzuri, dada. Umeitoa wapi?"

"Kazini," nikamjibu. Haikuwa kweli, lakini hilo tutalifikia.

Mwalimu alipata nafasi. Arusha ya wakati ule habari njema ilifika Kaloleni kabla ya mwenye nayo. Wakaanza kuja watu mlangoni kwangu wakisema wanataka "ile ya mwalimu". Niliwapigia chapa wauguzi, makatekista, mabwana shamba, na binti mmoja wa Kibosho aliyekuwa akiomba kusomea uhasibu. Alikuwepo hata mmoja aliyeomba nafasi chuo cha misitu pale Olmotonyi. Sikubishana naye, kwa kuwa miti nayo hunyamaza.

Kisha vyuo binafsi navyo vikapewa ruksa, na chuo chetu kikatangaza shahada ya uzamili ya saikolojia na ushauri nasaha. Wakati huo mjini ushauri nasaha ulieleweka kuwa kazi ya shangazi, na saikolojia ilieleweka kuwa uwezo wa kusoma mawazo ya watu. Mama mwenye nyumba wangu aliposikia nimeajiriwa huko ukarani alianza kunifichia sufuria, nisije nikasoma kinachopikwa. Niliuza taipureta kwa jirani yangu wa chumba cha pili, nikampa na kiti na wateja wote, nikapanda mlima Meru kilipo chuo, kuanza maisha ya heshima.

Siku ya kwanza nilikuta mezani faili ishirini na sita za waombaji, nikaambiwa nizipange kwa alfabeti na nisome kama zimekamilika. Nikafungua ya kwanza. Kabla sijasoma neno niliona herufi ya "m" imepanda juu. "Tangu utotoni nimekuwa nikijiuliza," ikaanza. Nikafungua ya pili. Kufikia saa ya chai nilikuwa nimezikuta kumi na saba. Watu kumi na saba wa mkoa mmoja walikuwa wamejiuliza tangu utotoni kuhusu mtu aliyenyamaza, na kazi yangu mpya ilikuwa kuwapokea kwa niaba ya chuo. Nilinyamaza, kama walivyotabiri.

Barua za wadhamini nazo zilikuwa na mambo yake. Fomu ilitaka mdhamini aeleze uwezo wa mwombaji wa kusikiliza watu wenye shida. Wachungaji na mapadre wetu walieleza kwamba anaimba sauti ya tatu, hajawahi kuonekana kilabuni, na hufika ibadani kabla ya kengele ya pili. Kwa barua zile tungeweza kufungua kwaya kuu kesho yake asubuhi. Wa kufungua shahada ndio hawakuonekana upesi.

Faili moja ilikuwa na maelezo ya mkono, kwa kalamu ya bluu, kwenye karatasi mbili za daftari. Mwombaji aliitwa Naserian, muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili katika hospitali moja ya huku kwetu, Mwarusha wa vijiji vya magharibi ya mlima. Aliandika hivi: "Kaka yangu alifungwa kamba kwenye nguzo ya zizi kwa miaka miwili. Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Nilikaa pembeni yake kwa sababu hakupenda kutazamwa. Nataka kujua kwa nini siku zote zile sikusema naye neno." Niliisoma nikasimama. Nikaenda kufunga dirisha ambalo halikuwa wazi.

Wasaili walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa Profesa Birgit, aliyeletwa na chuo rafiki cha huko kwao kaskazini ya dunia. Alikuwa amejifunza Kiswahili miezi sita, na alikizungumza kama mtu anayesoma somo la Jumapili. Wa pili alikuwa Daktari Elifasi, Mmachame, mkuu wa idara, msomi wa kweli aliyeogopa kitu kimoja tu duniani: kuonekana mshamba mbele ya Profesa. Wa tatu alikuwa Mchungaji mstaafu Loishiye, mjumbe wa bodi, aliyewekwa pale kuangalia maadili. Kiingereza kilikuwa kikimpita pembeni, kwa hiyo mimi nilikaa nyuma yake nikimtafsiria sikioni huku nikiandika kumbukumbu. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, na shingo yangu mpaka leo inaelekea kushoto.

Profesa alikuja na fomu ya alama kutoka kwao. Ilikuwa na mistari kumi, kila mstari alama kumi, na wa kufaulu alitakiwa apate sitini; Profesa ndiye aliyejaza, ila alama za mistari ya maadili alizitaja Mchungaji. Mstari wa nane ulisema: "Anamtazama msaili machoni kwa kujiamini." Nilipoupiga chapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, niliona hautatufikisha mbali, lakini karani haulizwi. Mtoto wa huku, awe amezaliwa Machame, Poli au Monduli, jambo la kwanza analofundishwa ni kutomkodolea mtu mzima macho. Sisi tuliotii wazazi tukaletewa fomu ya kutupima kwa kutotii.

Waombaji wa mjini, waliokwishazoea kumkazia mteja macho dukani, walipata kumi bila jasho. Naserian aliingia wa mwisho, amevaa gauni la kijivu na sweta ya hospitali. Hakwenda kwenye kiti. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mchungaji Loishiye, akainamisha kichwa mbele yake, akasubiri. Mzee akamgusa utosini kwa kiganja na kumwitikia kwa Kimaasai. Ndipo binti akarudi kitini, akakaa, akajibu maswali yote akitazama mguu wa meza. Alijibu vizuri kuliko wote. Alipoulizwa afanyeje na mgonjwa anayekataa kuongea, alisema, "Namngoja." Wenzake waliomtangulia walikuwa wametaja vitabu vinne.

"Huyu amelelewa," Mchungaji akaniambia.

Profesa akataka kujua mzee amesema nini. Nikamtafsiria. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaandika kwenye mstari wa nane sifuri kubwa, na pembeni yake maneno haya: "Anategemea mno kibali cha wazee." Jumla ilikuja hamsini na saba.

Nilipokuwa nakusanya vikombe nilimkuta Daktari Elifasi peke yake dirishani.

"Daktari, si unajua kwa nini hakuwatazama?"

"Najua, dada Aikande."

"Mbona hukumwambia Profesa?"

"Ukianza kumweleza mgeni mila, mwishowe anadhani ni zako," akasema, akanikabidhi kikombe chake.

Nilimwona mwoga. Lakini na mimi nilikuwepo pale na ulimi wangu mzima, nikarudi mezani nikaandika kumbukumbu zenye sifuri iliyonyooka.

Baada ya wiki mbili Naserian alikuja ofisini. "Shikamoo dada," akasema. "Nimekuja kuuliza nilikosea wapi."

"Marahaba. Matokeo ya usaili ni siri."

"Sawa dada."

Hakuondoka. Akavuta kiti, akakiweka pembeni ya changu badala ya mbele yangu, tukawa wote tunatazama kabati la faili. Mimi nilijifanya kupanga karatasi. Baada ya kama dakika kumi nilijisikia nikisema, bila kuulizwa tena, "Hukuwatazama."

"Kina nani?"

"Wasaili. Machoni."

Akafikiri. "Yule mzee ni rika la baba yangu. Ningemtazama natafuta nini?"

Swali lilikuwa zuri. Badala ya kulipeleka kwenye kamati, ambako ndiko lilikostahili kwenda, niliamua kumrekebisha aliyeliuliza. Hapa wasikilizeni wenzenu wenye uzoefu: kumnyoosha mnyonge ili afae kwenye fomu ni rahisi kuliko kuinyoosha fomu, ndiyo maana ofisi nyingi huchagua hivyo na kuita huduma kwa mteja.

Mwaka uliofuata, kabla ya msimu wa usaili, Naserian alikuja kwangu Engutoto Jumapili tatu mfululizo baada ya ibada. Tulianza na picha ya askofu kwenye kalenda, kwa kuwa askofu wa kalenda hapepesi. Kisha akanitazama mimi. Mara ya kwanza machozi yalimtoka, si kwa huzuni, ni macho tu yalikataa. Jumapili ya tatu aliweza kunikazia mpaka mimi nikaangalia sahani.

Nikafanya na jambo la pili. Nilimwambia habari za zizi na kamba haziandikwi kwenye maombi, wataiona familia yake kuwa ya ajabu. Nikaketi nikimpa kisogo, nikamwandikia mwanzo mpya. Mnajua ni upi. Nilikuwa nimeuacha uchapaji, lakini uchapaji haukuniacha.

Siku ya usaili wa pili Naserian aliingia, akapita mbele ya Mchungaji Loishiye bila kusimama, akakaa, akawatazama wote watatu mmoja mmoja kama nilivyomfundisha. Alipofika kwa mzee hakuyaondoa macho. Mzee akanigeukia polepole.

"Huyu ndiye yule wa mwaka jana?"

"Ndiye, Mchungaji."

"Nani amemharibu?"

Nikamwambia sijui. Kwenye kumbukumbu sikuandika swali wala jibu.

Profesa akampa kumi kwenye mstari wa nane, akatabasamu, akafungua maelezo yake. Tabasamu likakoma. "Na wewe pia," akasema. Mwaka ule sentensi ya Kaloleni ilikuwa imefika kwenye faili kumi na tisa. Profesa alikwishaniambia wakati wa chai kwamba mkoa huu unaelekea kuwa na watu wengi sana walionyamaza, na alikuwa ameamua kumuuliza kila mmoja: aliyenyamaza ni nani? Waombaji wenzake Naserian walikuwa wamejiandaa. Mmoja alimtaja bibi yake, mwingine jirani, mwingine akamtaja Mungu, na Mchungaji hakulipenda hilo.

"Aliyenyamaza ni nani?" Profesa akauliza.

Nilimwona Naserian akifungua mdomo. Kaka yake alikuwa pale kooni, mimi nilijua, lakini nilikuwa nimemwambia kaka haandikwi. Na uongo hakuwa amefundishwa. Jumapili zilikwisha kabla.

"Sijui," akasema, na macho yakarudi kwenye mguu wa meza.

Alipata hamsini na nne. Mchungaji Loishiye alimnyima karibu kila alichoweza kumnyima. Nilimfuata varandani. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Asante dada kwa kunisaidia."

Hakukuwa na kejeli hata chembe katika maneno hayo. Mimi ninayeishi kwa kejeli ningejua. Ilinichoma, na sijui kama ilishapoa.

Msimu wa tatu ukafika, siku ya mwisho ya kupokea maombi ikakaribia, na faili ya Naserian haikuwepo. Nikaomba ruhusa ya kwenda kwa daktari, nikaenda hospitalini kwake, kwa hiyo kwa namna fulani sikusema uongo. Nilimkuta nje ya wodi, kwenye benchi, amekaa na mzee mmoja mgonjwa. Hawakutazamana. Wote wawili walikuwa wanautazama ua wa michongoma. Naserian alikuwa anamenya chungwa taratibu, anampa kipande, anangoja. Nilisimama kama nusu saa. Kisha mgonjwa akasema jambo, maneno machache tu, na Naserian akaitikia bila kugeuka. Muuguzi mwingine aliyekuwa anapita na beseni alisimama akashangaa. Nikaambiwa baadaye kwamba mzee yule alikuwa na miezi minne hajasema neno.

Alipokuja kwangu nilimuuliza kuhusu maombi.

"Muuguzi mkuu amenipa ruhusa mara hii tu, dada. Nikikosa nahamishiwa wodi ya wazazi, sitarudi huku tena. Lakini nimechoka kujifunza kuwa mtu mwingine."

"Zile karatasi zako mbili za mwanzo ninazo. Sikuzitupa."

"Si za mwaka ule? Inaruhusiwa?"

"Siku hizi kila kitu kinaruhusiwa."

Akacheka kidogo. "Na macho?"

"Macho niachie mimi," nikasema, kana kwamba nilikuwa na mpango.

Mpango ulikuja nilipofika ofisini na kuitazama stensili ya fomu ya alama. Ilikuwa imechakaa kweli, wino ulikuwa unavuja kwenye "o" zote. Mkuu wa idara akaidhinisha niipige upya. Nikaipiga. Mstari wa kwanza mpaka wa saba ilikwenda vizuri. Baada ya wa saba, kwa bahati mbaya sana ambayo nilikuwa nimeifikiria siku tatu, ukaja ule uliokuwa wa tisa. Alama kumi haziwezi kupotelea hewani, kwa hiyo nikaziweka kwenye mstari wa tatu, "Uzoefu wa kuwahudumia wagonjwa", ukawa na ishirini. Jumla ikabaki mia. Nikarudufu nakala arobaini. Kufukuzwa kazi kwa kosa kama lile kusingehitaji hata kikao, na Kaloleni nilikuwa nimeshauza mpaka kiti.

Naserian akaingia. Akaenda kwa Mchungaji Loishiye, akainamisha kichwa. Mzee alikawia. Kisha akamwekea kiganja, na safari hii hakukiondoa upesi. "Umerudi," akamwambia.

Profesa Birgit alisoma karatasi mbili za daftari kimya mpaka mwisho. Nadhani aliikumbuka ile kalamu ya bluu.

"Kaka yako yuko wapi sasa?"

"Yuko nyumbani. Anachunga."

"Anaongea?"

"Na ng'ombe. Na mimi, siku za Jumapili."

Profesa hakuandika kitu. Aliuliza tena, Naserian akajibu tena, akiangalia mguu wa meza ule ule, na mazungumzo yakaenda muda mrefu kuliko ratiba. Nilipomtafsiria Mchungaji habari ya kamba, akavua miwani yake akaifuta. Daktari Elifasi akakohoa, akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba kamati izingatie kuwa katika jamii zetu kuinamisha macho ni heshima. Alichelewa miaka miwili, lakini alifika, na mimi siwadharau wanaofika.

Kisha Profesa akaanza kujaza fomu. Kalamu yake ilishuka, ikafika mstari wa saba, ikasimama. Akageuza karatasi akaangalia nyuma. Akaigeuza tena. Akanitazama mimi, machoni, kwa kujiamini kabisa. Mimi nikatazama mguu wa meza.

"Fomu imebadilika," akasema.

"Stensili ilichakaa, Profesa."

"Naona," akasema kwa Kiswahili, akaendelea kuandika.

Sitini na nane. Kwa fomu ya zamani angepata hamsini na nane. Nilipiga hesabu hiyo mara moja tu kisha nikaichana. Mstari wa nane haukurudi tena, wala hakuna aliyeniuliza, na ninyi mnaotumia fomu ile mpaka leo sasa mnajua kwa nini mstari wa tatu una alama ishirini. Msiandike barua kwa bodi. Mimi nimeshastaafu.

Vyeo vya watu navipita haraka. Naserian alimaliza, akarudi wodini, akaenda ng'ambo kwa udaktari wa falsafa, akarudi tena wodini, na mwishowe chuo kikamwomba aje kufundisha. Profesa Birgit alirudi kwao. Mchungaji Loishiye tulimzika. Katika miaka yangu ya mwisho, mwenyekiti wa wasaili alikuwa Daktari Naserian, na mimi bado nilikuwa kwenye kiti kile kile, shingo kushoto.

Sasa nakuja kwenye kosa langu la mwisho. Waombaji walipokuwa wakija dirishani kuuliza maelezo binafsi yaandikwe vipi, nilijiona nimejifunza. Sikuwapa sentensi. Nilikuwa na nakala ya zile karatasi mbili za daftari, jina nimelifunika kwa karatasi nyeupe, nikawa nawaonyesha. "Andikeni ukweli kama huu," nikawaambia, kwa sauti ya mtu aliyetubu. Waliisoma kwa makini sana. Mmoja alinakili mpaka nukta.

Msimu wangu wa mwisho nilifungua maombi, siku hizi yanakuja kwenye kompyuta, hakuna tena "m" ya kupanda. Mwombaji wa tatu alikuwa na kaka aliyefungwa kamba kwenye nguzo ya zizi. Wa tano naye. Wa tisa kaka yake alifungwa kwenye banda la kuku. Mmoja, nadhani ni wa mjini, kaka yake alifungwa kwenye nguzo ya umeme. Walikuwa kumi na mmoja, na wote walikuwa dada waliokaa pembeni ya kaka, hata waombaji ambao walikuwa wanaume.

Nilizichapisha karatasi zao zote, nikazipeleka ofisini kwa Naserian, nikafunga mlango. Nilimweleza kila kitu, nakala, dirisha, karatasi nyeupe. Nilikuwa na hasira nao na aibu kwa ajili yake, na kwa sababu zilikuwa nyingi nilizichanganya.

"Tuwafute wote," nikasema. "Wameiba. Wamemwiba kaka yako, na mimi ndiye niliyewafungulia zizi."

Alizisoma zote kumi na moja, polepole, hata ya nguzo ya umeme. Kisha akazipanga, akanirudishia.

"Waite wote, dada."

"Wote?"

"Nguzo ziko nyingi huku kwetu. Nikimfuta mwenye kaka wa kweli, je?"

Nilisimama kuondoka, akaniuliza swali lingine, bila kuinua sauti.

"Na ile ya kwako? Aliyenyamaza alikuwa nani?"

Sikuwahi kumwambia kwamba sentensi ile ilitoka kwenye maisha yangu mwenyewe. Sikumwambia mtu yeyote. Nikamuuliza amejuaje.

"Wakati unaniandikia kule Engutoto ulinipa mgongo," akasema. "Mimi nimezoea migongo."

Akanyanyuka, akavuta kiti changu kikaelekea dirishani, akavuta na chake akakiweka pembeni. Tukakaa. Nje Meru ilikuwa imejifunika kama kawaida yake. Hakunitazama. Nilikaa miaka yote ile nyuma ya kila usaili wa chuo kile, nikaandika maswali ya watu na majibu ya watu, na hakuna siku mtu aliniuliza mimi neno. Nilijaribu kutafuta kejeli moja ya kujikinga nayo, ikakataa kuja. Naserian akangoja.

"Mama yangu," nikasema. "Nilikuwa na miaka saba. Alizika mtoto, akalima kihamba chetu cha migomba mwaka mzima bila kusema neno, na watu wakamwita jeuri."

"Alinyamaza lini?"

Nikaanza tangu mwanzo. Barua kumi na moja za kuwaita kwenye usaili nilizipeleka kesho yake.